Haki za Mkataba wa Muuguzi: Chama Kinazilindaje Baada ya Saini?

Chama cha wauguzi huonekana hadharani siku viongozi wake wanapopeana mikono na mwajiri baada ya kutia saini mkataba, na siku wanachama wake wanapogoma. Kati ya siku hizo hupita miaka miwili, mitatu, wakati mwingine zaidi, na hiyo ndiyo miaka ambayo mkataba ama huheshimiwa ama hugeuka karatasi ya kabatini. Kifungu kinachosema kwamba muuguzi apate saa 12 za mapumziko kati ya zamu moja na nyingine hakina nguvu hadi apatikane mtu atakayetambua kwamba kimevunjwa, akaandika tarehe na saa, na kuipeleka taarifa hiyo panapohusika kabla muda haujapita. Wauguzi wengi hukatwa ada ya chama kila mwezi bila kuelezwa hata mara moja namna kazi hiyo inavyofanyika, na kutokuelezwa huko kunawagharimu.

Kuna mkanganyiko unaostahili kuondolewa kabla ya mengine yote, nao unahusu vyombo. Katika nchi nyingi muuguzi anahusiana na vyombo vitatu ambavyo majina yao hufanana. Baraza la wauguzi na wakunga hutoa leseni na kusimamia maadili. Kazi yake ni kumlinda mgonjwa, na linaweza kumfutia muuguzi usajili. Chama cha kitaaluma hushughulikia elimu, viwango na heshima ya taaluma. Chama cha wafanyakazi ndicho kilichosajiliwa chini ya sheria za kazi, nacho ndicho chenye mamlaka ya kujadiliana na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi. Wakati mwingine chombo kimoja hubeba majukumu mawili, kama ilivyo kwa Royal College of Nursing ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1916 kama chombo cha taaluma na ambayo leo ni chama cha wafanyakazi pia, kiasi kwamba Disemba 2022 wanachama wake waligoma kwa sababu ya mishahara.

Tofauti hii ina uzito wake siku jambo linapoharibika. Muuguzi aliyetoa dozi isiyo sahihi anaweza kujikuta na mashauri mawili kwa tukio moja: la nidhamu kwa mwajiri na la maadili kwenye baraza. Mashauri hayo hayafungani. Mwajiri anaweza kumsamehe na baraza likamsimamisha, au baraza likamwona hana hatia huku mwajiri akiwa ameshamfukuza. Mkataba unaosimamiwa na chama unagusa shauri la mwajiri peke yake. Kwenye baraza chama husaidia tu ikiwa kina huduma ya mawakili kwa wanachama wake, na mwanachama anapaswa kuliuliza hilo mapema, kabla ya siku ya shida.

Tabaka za haki

Haki za muuguzi kazini hukaa katika tabaka. Chini kabisa iko sheria ya kazi, ambayo ni kiwango cha chini kisichoweza kushushwa na makubaliano yoyote. Juu yake uko mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri, ambao wengi huuita mkataba wa hali bora. Kisha iko barua ya ajira ya mtu mmoja mmoja, na pembeni ziko sera na taratibu za hospitali, ambazo menejimenti huzitunga na kuzibadilisha. Kwa kawaida tabaka la juu huongeza na haliruhusiwi kupunguza. Barua ya ajira inayomtaka muuguzi akubali zamu za saa 16, mahali ambapo mkataba wa pamoja umeweka ukomo wa saa 12, haina nguvu katika sehemu hiyo, hata kama muuguzi aliitia saini kwa hiari. Sera ya hospitali nayo haiwezi kufuta kifungu cha mkataba, ingawa mara nyingi ndiyo inayobandikwa ukutani na ndiyo wauguzi wanayoisoma, wakati mkataba wenyewe umefungiwa ofisini.

Kiko pia kipimo cha kimataifa. Mwaka 1977 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 149 kuhusu wauguzi, unaozitaka nchi zilizouridhia kuwapa wauguzi masharti yaliyo angalau sawa na ya wafanyakazi wengine katika saa za kazi, malipo ya saa za ziada na ya zamu zisizo za kawaida, mapumziko ya wiki, likizo ya mwaka, likizo ya uzazi na ya ugonjwa, na hifadhi ya jamii. Pendekezo Na. 157 linalofuatana nao linakwenda kwenye tarakimu: wiki ya kazi ya saa 40 kama lengo, siku ya kazi isiyozidi saa 12 pamoja na saa za ziada, mapumziko ya saa 12 kati ya zamu na zamu, na ratiba inayotangazwa mapema kiasi cha kumwezesha muuguzi kupanga maisha yake na ya familia yake. Pendekezo halimbani mwajiri kisheria. Hata hivyo kamati ya majadiliano inayoingia chumbani na tarakimu hizo huingia na kitu ambacho mwajiri hawezi kukiita tamaa ya chama.

Je, mkataba wa pamoja wenyewe unamfunga mwajiri? Jibu hutofautiana kwa kiasi kinachoshangaza. Marekani mkataba wa pamoja unaweza kutekelezwa mahakamani kama mkataba mwingine wowote, kwa sheria ya mwaka 1947. Uingereza hali ni kinyume: sheria huchukulia kwamba makubaliano kati ya chama na mwajiri hayatekelezeki mahakamani isipokuwa yameandikwa kwamba yatatekelezeka, na nguvu yake hutokana na masharti yake kuingizwa katika mkataba wa ajira wa kila mfanyakazi. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mkataba wa pamoja uwe wa maandishi, uwe umetiwa saini, na nakala yake iwasilishwe kwa Kamishna wa Kazi. Kenya, Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inasema mkataba huanza kutekelezeka baada ya kusajiliwa na mahakama ya kazi.

Hatua hiyo ya usajili si jambo dogo la makarani. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa Kenya kilitia saini mkataba wa pamoja na serikali, lakini haukusajiliwa, na ubishi kuhusu uhalali wake ukaendelea kwa miaka. Disemba 2016 madaktari waligoma. Mgomo ulidumu siku 100, na katikati yake viongozi wa chama walipelekwa jela kwa kukaidi amri ya mahakama. Mwaka uliofuata wauguzi wa nchi hiyo nao waligoma kuanzia Juni hadi Novemba, na kiini cha mgogoro wao pia kilikuwa mkataba wa pamoja. Wagonjwa waliumia katika migomo yote hiyo. Ninayataja haya kwa sababu kosa la kudhani kwamba saini ndiyo mwisho wa safari limewagharimu wahudumu wa afya na wagonjwa kiasi kikubwa mno. Chama makini huuliza, kabla ya sherehe: nakala inapelekwa wapi, nani anaipeleka, idhini ya chombo gani cha fedha inahitajika, na lini tutaonyeshwa cheti cha usajili.

Zamu inapoongezwa

Mahali pazuri pa kuona ulinzi wa mkataba ukifanya kazi ni wodini, zamu zinapobadilishana. Ni saa mbili usiku. Zamu ya alasiri imekwisha, wauguzi wawili walipaswa kuingia usiku, na amefika mmoja. Msimamizi anamwambia muuguzi wa alasiri abaki hadi asubuhi. Mkataba unasema kwamba saa za ziada ni za hiari isipokuwa wakati wa dharura, na kwamba hakuna atakayefanya kazi zaidi ya saa 12 mfululizo. Anajua kwamba kifungu kinavunjwa. Afanye nini?

Akiondoka bila kukabidhi wagonjwa, ameingia katika kosa la kitaaluma ambalo baraza haliwezi kulifumbia macho, na amempa mwajiri sababu ya kumshtaki kwa kukaidi agizo. Kanuni ambayo waamuzi wa migogoro ya kazi wameijenga kwa miongo mingi, Marekani hasa, ni kwamba mfanyakazi hutekeleza agizo kwanza na kulalamika baadaye, isipokuwa pale ambapo agizo ni kinyume cha sheria au linahatarisha usalama moja kwa moja. Yupo muuguzi ambaye kwa uchovu anajua kwamba akishika sindano saa kumi alfajiri atamdhuru mtu. Huyo ana wajibu wa kusema wazi kwamba hali yake hairuhusu, na kubaki hadi apatikane wa kumpokea. Wengine watabaki na kufanya kazi. Kinachotofautisha muuguzi anayelindwa na asiyelindwa ni maneno na maandishi ya dakika kumi zinazofuata.

Anamwambia msimamizi, ikiwezekana mbele ya mwenzake, kwamba anabaki kwa ajili ya wagonjwa lakini anapinga agizo kwa sababu linavunja mkataba. Kisha anajaza fomu ya pingamizi, ambayo baadhi ya vyama vya wauguzi huiandaa mapema. Isipokuwepo, karatasi ya kawaida inatosha. Humo anaandika tarehe, saa aliyoambiwa, jina na cheo cha aliyemwagiza, idadi ya wagonjwa waliopo, wangapi wako kwenye oksijeni, wangapi wametoka chumba cha upasuaji siku hiyo, na wauguzi wangapi wamebaki. Anaandika pia kama msimamizi alijaribu kumpata mtu mwingine. Asubuhi anaongeza yale ambayo hayakufanyika au yalichelewa: dawa ya saa nne iliyotolewa saa tano na nusu, vipimo vya shinikizo la damu vilivyorukwa, mgonjwa ambaye hakugeuzwa kitandani. Haandiki jina la mgonjwa wala namba ya jalada, na hapigi picha chati yoyote, kwa kuwa kuvunja siri ya mgonjwa kunageuza lalamiko lenye haki kuwa shtaka dhidi ya mlalamikaji. Nakala moja inakwenda kwa msimamizi, moja kwa mwakilishi wa chama wa tawi, na moja anabaki nayo.

Undani huo una sababu yake. Mwajiri atajitetea kwa neno moja, nalo ni dharura, na mabishano yote yatahusu kama ile ilikuwa dharura kweli. Ajali ya basi iliyoleta majeruhi wengi kwa mkupuo ni dharura. Upungufu wa muuguzi ambao ulikuwa unaonekana tangu siku ratiba ilipobandikwa ni uamuzi wa menejimenti. Fomu moja haiwezi kuonyesha tofauti hiyo. Fomu zote za wodi moja kwa miezi miwili, zikilinganishwa na ratiba za miezi hiyo hiyo, zinaweza kuonyesha kwamba zamu ya usiku ilipangwa ikiwa pungufu wiki baada ya wiki, na kwamba kinachoitwa dharura kilikuwa ndio mpango wenyewe. Kazi hiyo ya kulinganisha ni ya mwakilishi wa chama, na haifanyiki kama wauguzi wamesimuliana tu malalamiko yao wakati wa chai.

Liko jambo jingine ambalo wauguzi wengi hulikosea. Kulipwa saa za ziada hakufuti uvunjaji wa ukomo wa saa. Haya ni madai mawili: moja la fedha, jingine la kukiukwa kwa kifungu kinacholinda mapumziko. Mwajiri akilipa, dai la pili linabaki hai, na chama kinaweza kudai zuio au fidia ya ziada kulingana na mkataba ulivyoandikwa. Vivyo hivyo, ahadi ya mdomo kwamba utapewa siku ya kupumzika mambo yakitulia haihesabiki kuwa malipo hadi siku hiyo iandikwe kwenye ratiba.

Ngazi za malalamiko

Mkataba mzuri wa pamoja huwa na utaratibu wa malalamiko wenye ngazi. Lalamiko huanza kwa msimamizi wa karibu, likishindikana huandikwa na kupelekwa kwa mkuu wa idara ya uuguzi, kisha kwa uongozi wa juu wa hospitali, na mwisho hutoka nje ya hospitali kwenda kwa msuluhishi, mwamuzi au mahakama. Msuluhishi huzisaidia pande mbili zielewane na hana mamlaka ya kuzilazimisha. Mwamuzi husikiliza ushahidi na kutoa tuzo, yaani uamuzi unaozifunga.

Kila ngazi ina ukomo wa siku, na kwa maoni yangu ukomo huo huua malalamiko mengi kuliko udhaifu wa hoja. Mikataba mingi hutoa wiki chache tu tangu tukio lilipotokea au lilipojulikana. Sheria nazo zina mipaka yake: Tanzania Bara mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60, huku watumishi wa umma wakitakiwa kwanza kupitia njia za rufaa za utumishi wa umma. Marekani malalamiko ya mwajiri kuvunja sheria ya mahusiano ya kazi hupelekwa ndani ya miezi sita. Muuguzi anayesubiri likizo yake imalizike ndipo amtafute mwakilishi, au anayevumilia kwa matumaini kwamba matroni mpya atarekebisha mambo, anaweza kukuta mlango umeshafungwa ingawa haki ilikuwa upande wake.

Lalamiko lenyewe linaandikwa kwa ufupi: kilichotokea, kifungu kilichovunjwa pamoja na vingine vyote vinavyohusika, na nafuu inayoombwa. Maneno hayo kuhusu vifungu vingine yasiachwe, kwa kuwa mara nyingi hoja yenye nguvu zaidi hugunduliwa baadaye, na mwamuzi anaweza kukataa kusikiliza kifungu ambacho hakikutajwa mwanzoni. Nafuu nayo iwe dhahiri. Kuomba haki itendeke hakumpi mwamuzi cha kuamuru. Kuomba malipo ya saa nane kwa kiwango cha saa za ziada, na agizo kwamba ratiba za wodi hiyo zizingatie saa 12 za mapumziko, kunampa.

Chama pia kinaweza kuwasilisha lalamiko kwa jina lake chenyewe, na hii ni njia isiyotumika vya kutosha. Muuguzi aliye katika kipindi cha majaribio, au ambaye mkataba wake wa muda unakaribia kuhuishwa, ana sababu ya kuogopa kuweka jina lake juu ya karatasi. Kifungu kilichovunjwa kwake kimevunjwa kwa wote, na chama kama mhusika wa mkataba kina haki ya kukitetea bila kumtanguliza yeye.

Shauri likifika kwa mwamuzi, yeye huanza na maneno ya kifungu. Yakiwa na utata hutazama kumbukumbu za vikao vya majadiliano, halafu mazoea ya mahali pa kazi. Hapo ndipo ukimya unapokuwa na gharama. Ikiwa kwa miaka mingi wauguzi wamelipwa dakika za kukabidhiana zamu, chama kinaweza kudai kwamba mazoea hayo ni sehemu ya masharti ya kazi hata kama hayakuandikwa. Na ikiwa kwa miaka hiyo hiyo wauguzi wamekula chakula wakiwa wamesimama kwenye chumba cha dawa bila yeyote kulalamika, mwajiri naye atasema kwamba pande zote ziliridhika kuielewa hivyo saa ya mapumziko. Mwakilishi anayejua hili hawasilishi lalamiko kwa sababu ya dakika 30 za mtu mmoja pekee. Anazuia desturi mbaya isije ikakifuta kifungu.

Barua ya kujieleza

Eneo ambalo mkataba humgusa muuguzi kwa ukali zaidi ni nidhamu. Chukua daftari la dawa zinazodhibitiwa: hesabu ya asubuhi inaonyesha ampuli moja ya mofini haipo, na muuguzi aliyekuwa na funguo usiku anaitwa ofisini kwa mazungumzo mafupi. Mazungumzo hayo ni uchunguzi, na lolote analosema litaandikwa. Muuguzi mwaminifu, kwa kutaka kusaidia, hukisia. Anasema labda ilivunjika, labda mwenzake aliichukua akasahau kuandika. Kikao cha nidhamu kikifika, makisio hayo husomwa kama maelezo yanayobadilikabadilika.

Haki ya kuwa na mwakilishi ipo katika nchi nyingi, lakini hupatikana kwa masharti tofauti. Marekani, uamuzi wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo wa mwaka 1975 katika shauri la Weingarten ulimpa mfanyakazi aliye katika chama haki ya kuwa na mwakilishi wakati wa mahojiano ya uchunguzi anayoamini yanaweza kuleta adhabu, ila ni lazima aiombe mwenyewe. Mwajiri hana wajibu wa kumkumbusha. Uingereza, sheria ya 1999 inamruhusu mfanyakazi kusindikizwa kwenye kikao cha nidhamu na ofisa wa chama au mfanyakazi mwenzake, ambaye anaweza kutoa hoja lakini hawezi kujibu maswali kwa niaba yake. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mfanyakazi anayekabiliwa na kufukuzwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua. Tanzania Bara, kanuni za 2007 zinampa msaada wa aina hiyo hiyo, na muda wa kujiandaa usiopungua saa 48 kwa kawaida. Sentensi ya kukariri, kwa muuguzi wa nchi yoyote, ni kwamba yuko tayari kushirikiana na anaomba mwakilishi wake awepo kabla ya kuendelea.

Mwakilishi akifika hakai pale kama shahidi bubu. Anauliza shtaka ni nini hasa, anaomba nakala ya daftari na ya ratiba, anauliza nani mwingine alikuwa na funguo, na anachunguza kama utaratibu wa kuhesabu dawa watu wawili wakiwa pamoja hufuatwa kila usiku au huandikwa tu. Halafu anatazama ulinganifu: wauguzi wengine waliofanya kosa kama hilo walipewa adhabu gani? Mikataba mingi hutaka sababu ya haki kabla ya adhabu, maana yake kanuni iwe inajulikana, uchunguzi uwe wa kweli, ushahidi utoshe, na adhabu ilingane na kosa na kumbukumbu ya mtu. Ulinzi huu haumkingi mzembe. Unamtaka mwajiri athibitishe, kazi ambayo asingelazimika kuifanya mbele ya mtu aliyekaa peke yake upande wa pili wa meza.

Idadi ya wagonjwa kwa muuguzi

Hakuna kifungu kinachopiganiwa zaidi kuliko hiki, na historia ya jimbo la Victoria nchini Australia inaonyesha vizuri nguvu na udhaifu wa haki iliyomo ndani ya mkataba. Mwaka 2000 chama cha wauguzi wa jimbo hilo kilipata, kupitia uamuzi wa tume ya mahusiano ya kazi, uwiano wa lazima kati ya wauguzi na wagonjwa katika hospitali za umma. Katika wodi za kawaida za hospitali kubwa ulikuwa wauguzi 5 kwa wagonjwa 20 mchana. Uwiano uliandikwa kwa namna hiyo ya makundi makusudi, ili msimamizi aweze kugawa wagonjwa kulingana na uzito wa hali zao. Kwa kuwa ulikaa kwenye mkataba, ungeweza kukaziwa kwa njia ya malalamiko: wodi ikipungukiwa, vitanda vinafungwa au muuguzi anatafutwa. Lakini kwa kuwa ulikaa kwenye mkataba, kila mkataba ulipokwisha uwiano ulirudi mezani. Katika majadiliano ya 2011 na 2012 mwajiri alitaka kuulegeza, na wauguzi walijibu kwa kufunga vitanda hadi ukabaki. Mwaka 2015 bunge la jimbo likauhamishia kwenye sheria.

California ilichukua njia ya sheria tangu mwanzo. Sheria ilipitishwa 1999, ikaanza kutumika 2004, na tangu 2005 muuguzi wa wodi za kawaida za upasuaji na tiba hapewi zaidi ya wagonjwa watano. Hospitali zilidai mahakamani kwamba uwiano usihesabiwe muuguzi anapokwenda kula, zikashindwa: uwiano ni wa wakati wote. Ushindi huo kuhusu muda wa chakula, unaoweza kuonekana mdogo, ndio uliofanya mapumziko ya muuguzi yawe na mtu wa kumshikia zamu.

Nani analindwa, na kwa mipaka ipi

Mkataba huwalinda walio ndani ya kundi lililotajwa humo, na mpaka wa kundi hilo hugombaniwa. Marekani, uamuzi wa bodi ya mahusiano ya kazi wa 2006 kuhusu hospitali za Oakwood ulisema kwamba muuguzi kiongozi wa zamu anayewapangia wenzake kazi kwa kutumia busara yake mwenyewe, kwa sehemu kubwa na ya kawaida ya muda wake, anaweza kuhesabiwa kuwa msimamizi, na hivyo kuwa nje ya ulinzi wa sheria. Cheo chenye nyongeza ndogo ya mshahara kinaweza kumtoa mtu kwenye chama. Kabla ya kukubali cheo, muuguzi na aulize.

Wauguzi wa mikataba ya muda na wa mawakala wako katika hali ngumu zaidi, na chama kinachojali hudai kifungu kinachoweka ukomo wa kutumia mikataba ya aina hiyo, la sivyo kundi linalolindwa hupungua mwaka hadi mwaka bila mtu kufukuzwa.

Chama nacho kina wajibu. Katika nchi nyingi kinachotambuliwa kuwa mwakilishi pekee lazima kiwawakilishe wote kwa haki, wakiwemo wasio wanachama. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwaka 1967 kwamba chama hakivunji wajibu huo kwa kuamua kutopeleka lalamiko dhaifu kwa mwamuzi. Huuvunja kinapoamua kiholela, kwa ubaguzi au kwa nia mbaya. Mwanachama aliyekataliwa anastahili kuelezwa sababu kwa maandishi, na viongozi wanaoona ombi hilo kuwa ni uasi wanakosea.

Kuhusu mgomo nitasema machache. Mikataba mingi hukataza mgomo wakati mkataba ungali hai, na hiyo ndiyo bei ya kupewa mwamuzi huru. Huduma za hospitali pia huhesabiwa kuwa huduma muhimu katika sheria za nchi nyingi, Kenya na Tanzania zikiwemo, na Shirika la Kazi Duniani linakubali mgomo uzuiwe humo kwa sharti kwamba wafanyakazi wapewe njia mbadala ya usuluhishi na uamuzi iliyo huru na ya haraka. Marekani hauzuiwi katika hospitali za binafsi, ila tangu 1974 hospitali lazima ipewe notisi ya siku 10. Kwa muuguzi aliyefungiwa mlango wa mgomo, utaratibu wa malalamiko ndio ulinzi alio nao, na unapokwama kwa miezi bila mwamuzi kuteuliwa, mwajiri hatakiwi kushangaa hasira zikipanda.

Mkataba unapofika tarehe yake ya mwisho, masharti yake kwa kawaida hayatoweki siku hiyo. Katika mifumo mingi mishahara, saa za kazi na likizo hubaki kama zilivyo hadi mkataba mpya upatikane au majadiliano yakwame kabisa, ingawa ahadi ya kutogoma na haki ya kwenda kwa mwamuzi zinaweza kukoma. Kipindi hicho ndicho ambacho fomu za pingamizi, barua za malalamiko na tuzo za miaka iliyopita hutolewa makabatini. Kamati ya majadiliano hupitia kifungu kimoja kimoja na kuuliza kilivunjwa mara ngapi, mwajiri alijitetea kwa maneno gani, na ni neno lipi lililompa mwanya. Neno dharura lililokuwa halina maana maalumu katika mkataba wa zamani huandikwa upya pamoja na maelezo yake: tukio lisilotarajiwa, lisilotokana na ratiba wala na nafasi ya kazi iliyoachwa wazi, na ambalo msimamizi ameliandikia taarifa ndani ya saa 24.